Mfuniko wa Sufuria ya Mama Mkwe

Jumatatu, 4 Machi

Msiba! Hapana, msiba ulishapita mwaka jana. Huu ni wa pili. Baba mkwe katangaza mezani kwamba Jumapili anahama. Anakwenda kuishi kwa mwanawe, shemeji yangu fundi cherehani. Kasema hana ugomvi na mtu. Ila tangu mama mkwe afariki, nyumba hii haina chakula, ina vitu vya kutafuna tu.

Mke wangu kainamisha kichwa. Ndiye anayepika siku hizi. Nikamuuliza mzee anakosa nini hasa. Akafikiri sana, kijiko hewani. Akasema anakosa viazi vya kuponda. Vile vya marehemu. Vyeupe, vyepesi, ukivitia mdomoni vinaondoka vyenyewe kama mgeni mwenye adabu.

Hesabu ya haraka. Mzee akihama, nyumba inapangishwa. Mke wangu hawezi kumwacha baba yake. Kwa hiyo wote tunahamia kwa shemeji, chumba cha uani, dirisha linatazama banda la bata. Na karakana yangu ya baiskeli, iliyopo kwenye baraza ya nyumba hii, kwaheri! Mimi na bata. Haiwezekani.

Uamuzi: nitapika viazi hivyo mwenyewe kabla ya Jumapili. Nimeshafufua baiskeli zilizokanyagwa na lori, nishindwe na kiazi?

Mama mkwe angecheka. Alikuwa na kicheko kisicho na sauti, mabega tu yanatikisika. Aliniita Bwana Mipango. Nilikuwa najifanya nimeudhika. Sasa hakuna anayeniita hivyo, na nyumba imekuwa kubwa mno.

Jumanne, 5 Machi

Mpango wa kwanza: mashine. Kwa nini mtu aponde kwa mkono wakati kuna blenda? Nimechemsha viazi katika sufuria ya marehemu, ile iliyobonyea ubavuni, mkono wake nimeufunga mwenyewe kwa waya. Nimevitumbukiza kwenye blenda. Nimebonyeza. Blenda imenguruma, ikakohoa, ikanyamaza.

Kilichotoka ni gundi. Si mfano wa gundi. Gundi! Kijiko cha baba mkwe kimesimama wima katikati ya sahani bila msaada. Mzee kakitazama, kanitazama mimi, kasema hiki si chakula, ni ufundi, nikazibie matairi. (Nimejaribu. Kinashika vizuri.)

Shemeji kapiga simu jioni. Kasema chumba cha uani keshakipaka rangi. Kwa sauti ya huruma. Huruma ya paka kwa panya.

Jambo moja dogo. Nilipokuwa uani nasugua blenda, nilisikia jikoni mwiko ukigongwa kwenye ukingo wa sufuria. Ti, ti, ti. Taratibu, kama mtu anayekung'uta kilichobaki. Baada yake mlio mwembamba wa bangili. Nikaingia. Hakuna mtu. Mwiko umening'inia kwenye msumari wake, unayumba kidogo.

Mjusi, bila shaka.

Jumatano, 6 Machi

Leo nimeamka na akili mpya. Viazi vyepesi ni viazi vyenye nini? Hewa! Na nani anayeijua hewa kuliko fundi baiskeli? Kanuni ya kwanza ya kazi yetu: hewa ikitoka, hakuna safari. Kumbe siri ni kuijaza na kuizuia.

Nimechemsha, nimemwaga maji, nimefunika haraka. Kisha nimekata mpira wa ndani wa tairi kuukuu, nikaufunga mfuniko kwa vipande vinne, kisawasawa. Nimekwenda barazani kuchukua pampu. Ilipasa nipenyeze mpira wa pampu chini ya mfuniko, nijaze taratibu.

Nimerudi, mfuniko haupo kwenye sufuria. Umetundikwa nyuma ya mlango, pale pale marehemu alipozoea kuutundika. Umefutwa, mkavu. Vipande vya mpira vimekunjwa vizuri mezani kama leso.

Nilimwita mke wangu. Alikuwa chumbani anapiga pasi. Kaapa hajakanyaga jikoni. Basi ni nani? Nikafunga tena, nikajaza pampu kwa hasira, nikazidisha. Mfuniko umeruka. Viazi viko darini. Kipande kimoja kimedondoka saa moja baadaye kwenye chai ya baba mkwe.

Mke wangu, akifuta dari, kasema bila kunigeukia kwamba Mama alikuwa na neno lake: acha kiazi kipumue. Nikaruka kwa furaha. Si ndiyo hayo ninayosema? Hewa!

Kanitazama kama mtu anayetazama basi lililompita.

Ijumaa, 8 Machi

Nimetambua adui. Ni shemeji! Anataka viazi vyangu viharibike ili Jumapili ambebe mzee. Ndiye anayejipenyeza jikoni na kufungua mfuniko. Kikulacho ki nguoni mwako, na huyu nguo ndiyo kazi yake.

Ushahidi umepatikana leo asubuhi. Nimekwenda kwa muuza viazi wa kona, yule mpya aliyeanza mwezi uliopita. Kabla sijafungua mdomo kanipa mfuko. Kasema vyangu viko tayari, yule mama wa nyumbani kwetu kapita mapema, kavichagua kimoja kimoja. Kakataa vile vinavyong'aa, kataka vile vikavu vya unga. Nikauliza mama gani. Kasema mama mfupi, ana bangili ya shaba, mtu wa furaha sana, anacheka mabega yanatikisika lakini sauti huisikii.

Nimekalia gunia lake la vitunguu hadi akaniomba niondoke.

Nikiwa njiani akili ikarudi. Shemeji katuma mwanamke! Kamfundisha hata kucheka. Mtu huyu hana haya wala haki.

Nimepika hivyo hivyo. Nimemwaga maji, nimerudisha sufuria kwenye moto mdogo ili isipoe, nimefunika, nimefunga mipira sita. Nimetoka hatua chache tu, kumfukuza paka wa jirani aliyekuwa anainyatia siagi. Nimegeuka. Mfuniko nyuma ya mlango. Mvuke unapanda kutoka kwenye sufuria, mweupe, mwingi. Haukupanda moja kwa moja. Ulifika usawa wa kichwa cha mtu mfupi, ukagawanyika, ukapita huku na huku, ukaungana tena juu. Mchana wa jua kali, dirisha limefungwa, hakuna upepo.

Nikasimama mlangoni, siwezi kuingia, siwezi kutoka. Jikoni kulinukia sabuni yake ya kufulia. Halafu mvuke ukawa mvuke tu.

Nikaviponda. Nikaonja. Ee Mola! Vyepesi. Vimeondoka mdomoni vyenyewe. Nimekula sufuria nzima nikiwa nimesimama, ili adui asijue kwamba hila yake imefeli. Tumbo linauma. Nikiulizwa nasema ni mawazo.

Jumamosi, 9 Machi

Mtego! Nimenyunyiza unga wa ngano sakafu nzima ya jikoni, nikachemsha viazi, nikafunga mfuniko kwa mipira na waya, nikajificha barazani nyuma ya baiskeli. Nione kiatu cha shemeji kikiacha alama, nimuumbue kesho mbele ya ukoo.

Niliposikia ti, ti, ti nikakimbia.

Nyayo zipo! Ndogo, pekupeku, kidole gumba cha kushoto kimepinda kidogo ndani. Zinatoka kwenye jiko hadi mezani. Zinatoka mezani hadi nyuma ya mlango. Zinarudi kwenye jiko. Hapo zimesimama, pamoja, kama za mtu anayekoroga. Hakuna hata moja inayoingia mlangoni. Hakuna hata moja inayotoka.

Nywele zimenisimama hadi za mikononi. Nimechukua spana nikapima unyayo, maana lazima mtu afanye kitu. Kisha nikampigia shemeji. Yuko dukani kwake, mji wa pili, nasikia cherehani inakimbia na wateja wanagombana kuhusu vifungo. Kasema hajatoka wiki nzima. Mjanja! Anajifanya yuko kule kumbe yuko hapa. Na nani alijua ana miguu midogo hivyo?

Mke wangu kaingia. Kaziona. Kisha kachukua ufagio akafagia unga wote, isipokuwa pale penye nyayo. Amezizunguka taratibu kama mtu anayefagia kando ya mtoto aliyelala. Akaniambia waziwazi kwamba ni Mama. Kidole kile alikivunja kwa kinu akiwa msichana. Kasema Mama hakuweza kamwe kuona sufuria ya viazi imefunikwa, na sasa mimi naifunika kila siku, ataachaje kuja?

Akalia. Nikamkumbatia. Nililia kidogo na mimi, siandiki uongo. Nikamwambia nimemwelewa.

Nimeelewa kwamba shemeji anatumia majonzi ya dada yake. Kesho nitafunga mfuniko mara mbili.

Jumapili, 10 Machi

Ushindi! Ushindi mtupu! Ngoja niandike kwa mpangilio.

Shemeji alifika kabla ya chakula na begi tupu la kubebea nguo za mzee. Lina magurudumu! Nilikuwa nimeshamwaga maji, nimefunga mfuniko kwa mipira na waya, na juu yake nimeweka jiwe la kunolea visu. Nikatoka kumlaki getini, maana adui yako mwangalie machoni. Nikamtazama na miguu. Mikubwa kama mikate. Nikachanganyikiwa, lakini si kwa muda mrefu.

Tulisalimiana, tukaulizana habari, tukadanganyana kwamba ni njema. Niliporudi jikoni mlango ulikuwa wazi. Jiwe liko chini, limelazwa polepole. Mfuniko nyuma ya mlango. Maziwa niliyoyaacha baridi kwenye kikombe yalikuwa ya moto, yanatoa mvuke, siagi imeyeyukia humo. Na kikombe kilikuwa kitupu nusu, maana nusu ilikuwa imeshaingia kazini. Viazi vimepondwa. Vimerundikwa kwenye bakuli kama pamba. Juu yake mistari mitatu ya uma, jinsi marehemu alivyozoea kuitia.

Nilisema kwa sauti, asante. Sijui nilimwambia nani. Nikabeba bakuli.

Baba mkwe akala kijiko kimoja. Akafumba macho. Akala cha pili. Machozi yakamtiririka, hakuyafuta. Kisha akageuka kwenye mlango wa jikoni, akasema kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake, kwamba mpenzi, leo umezidisha chumvi kidogo.

Kutoka jikoni: ti, ti, ti. Na bangili.

Sote tulisikia. Shemeji kaganda, kijiko mdomoni. Mke wangu katabasamu. Nikasema kwa haraka ni mjusi, nikaongeza kwamba viazi nimepika mimi, peke yangu, kwa ufundi wangu.

Mzee kasema hahami. Kasema angehamia wapi, wakati bado anapikiwa? Shemeji kaondoka na begi lake tupu. Magurudumu yamelia njia nzima.

Jumatatu, 11 Machi

Akili ni nywele, kila mtu ana zake, na mimi leo nimeamka na kichaka. Viazi vyangu vitauzwa! Bakuli bakuli, barazani, mteja anasubiri tairi huku anakula. Lakini biashara bila siri si biashara. Lazima jikoni pafungwe kabla shemeji hajaiba utaalamu.

Nimenunua kufuli kubwa. Nimegongomea wavu wa chuma dirishani. Mfuniko nimeutoboa kando nikautia skrubu nne na nati, sasa hata tembo haufungui. Ule msumari wa nyuma ya mlango nimeung'oa. Hauna kazi tena.

Mke wangu kanisihi. Kashika kufuli kwa mikono miwili, kasema nifunge chochote duniani lakini si jikoni. Baba mkwe naye kaja na fimbo yake. Kasema mwanangu, jiko halifungwi mwenyewe akiwa nje. Nikamjibu kwa heshima kwamba mwenyewe ni mimi na ufunguo ninao. Akasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu, akaenda zake.

Guu langu zima kabisa.

Jumatano, 13 Machi

Sielewi. Viazi ni vile vile vya unga. Moto ule ule. Mfuniko haukusogea, skrubu zimekaza, hewa yote imo ndani, hakuna hata punje ya mvuke iliyotoroka. Nikafungua mwenyewe kwa spana. Humo ndani viazi vimeketi majini, maji ya mvuke wa viazi vyenyewe. Nikaponda. Uji! Uji wa kunata, kijivu. Baba mkwe kala kijiko kimoja, kaweka kijiko chini, kaenda chumbani kwake.

Niandike na lile jingine. Nilikuwa nimejifungia jikoni, kufuli upande wa ndani, nalinda sufuria. Kimya. Nikasubiri ti, ti, ti. Hakuna. Sikujua kwamba mtu anaweza kuikosa sauti ya mjusi kiasi hiki.

Ndipo nikasikia ndala kwenye korido. Chap, chap, chap, za mtu mzito mfupi asiye na haraka. Zimesimama mlangoni. Kitasa kimegeuka, taratibu, mpaka mwisho. Kikarudi. Kikageuka tena. Hakuna aliyebisha. Bangili imegusa mbao, mara moja tu, kama mtu aliyeegemeza mkono.

Ufunguo ulikuwa mfukoni. Nilikuwa nimeushika. Sikufungua. Ningefunguaje? Na kama ni shemeji?

Kitasa kimeachiliwa. Ndala zikaondoka, chap, chap, kwenye korido, zikaingia chumba cha baba mkwe. Nikasikia mzee anasema karibu, kaa.

Nimekaa sakafuni nimejiegemeza kwenye mlango. Nimejisikia vibaya sana. Nimehisi kama nimemfungia mtu nje kwenye mvua.

Baadaye nikakaza skrubu.

Alhamisi, 14 Machi

Mzee kafungasha. Yeye mwenyewe kampigia mwanawe, kasema aje na lile begi. Hakunigombeza. Kasema tu hawezi kukaa nyumba ambayo mwenzake kafungiwa mlango. Nguo zake ni chache. Sufuria kaibeba mkononi, kautoa mfuniko wangu wenye skrubu, kaniachia. Kaupata wapi ule wa zamani usiotobolewa sijui, niliutupa? Hapana. Huu nilioutoboa ni ule ule. Lakini alikuwa nao mwingine, mkavu, umefutwa, mzima, ameukumbatia kifuani.

Mke wangu kafungasha vyetu. Nyumba inapangishwa mwisho wa mwezi. Nimefungua baiskeli zangu moja moja nikazirundika kwenye mkokoteni. Kufuli nimelichukua. Kufuli zuri, halitupwi.

Jumapili, 17 Machi

Chumba cha uani. Rangi yake ni ya kijani, ya kuumiza macho. Bata wanaanza kelele alfajiri na hawana ajenda ya maana.

Leo mchana nilikuwa nimejilaza nikasikia baba mkwe anacheka jikoni kwa shemeji. Anacheka, ananyamaza, anajibu, anacheka tena. Nikachungulia. Alikuwa peke yake kwenye kiti. Sufuria iko motoni, wazi, mvuke unapanda na kugawanyika usawa wa kichwa cha mtu mfupi. Mfuniko umetundikwa nyuma ya mlango. Nyuma ya mlango ule hapakuwa na msumari jana. Naujua msumari ule. Niliung'oa kwa mkono wangu.

Mezani viazi vilikuwa kama pamba. Mistari mitatu ya uma. Shemeji mwenyewe kala akilia, kasema hajui nani kapika. Mke wangu kala sahani mbili, mara ya kwanza tangu mwaka jana, na mashavu yake yana rangi. Mimi sahani yangu ilikuwa imeshapakuliwa na kuwekwa kando, kubwa kuliko za wote, na yale makoko ya chini ya sufuria ninayoyapenda. Makoko hayo alikuwa ananiwekea mtu mmoja tu duniani. Nimeyatafuna polepole. Nikameza.

Nimefikiri mchana kutwa, na jibu ni moja. Hajui nani kapika! Shemeji kaiba utaalamu wangu, kamvuta mzee, kavuta viazi, kavuta na msumari. Lakini Bwana Mipango hajafa. Kufuli ninalo, nimelitia mafuta. Skrubu ninazo.

Bata wamenyamaza wote kwa pamoja. Kuna ndala uani, chap, chap, zinakuja upande huu polepole, na kama si masikio yangu, kuna mtu anacheka bila sauti. Ni shemeji huyo, kaja kupeleleza.

Mlango nimeshaufunga. Kesho naanza na jikoni.